SOMO LETU: BRAKETI YA RAFU – IPI NI IMARA, NA IMETENGENEZWA NA NANI?



Somo la safari hii linahusu kitu kidogo: braketi ya rafu. Ni kile chuma kilichokunjwa kama herufi L, kinachofungwa ukutani ili kushika ubao. Kipo katika stoo ya kiwanda, katika zahanati ya shamba, katika duka la ushirika, na katika vyumba vya kambi tunamoweka sufuria na madaftari ya watoto. Kikiwa kizima hakuna anayekiangalia. Kikivunjika mzigo unamwangukia mtu, na mara nyingi mtu huyo ni mfanyakazi au mtoto wake.

Matawi yetu yanapojenga ofisi au kufungua duka la wanachama, swali hutokea katika kikao. Je, tununue braketi zilizotoka nchi za mbali, zenye rangi ya kupendeza na bei ndogo, au tumpe kazi fundi wa hapa Uganda? Jibu letu ni hili: kwanza tutafute iliyo imara, na katika zilizo imara tuchague iliyotengenezwa na wafanyakazi wenzetu. Lakini neno "imara" lazima tulijue maana yake. Haifai kuhimiza watu wanunue vya nyumbani kama sisi wenyewe hatuwezi kutofautisha kizuri na kibaya.

Tutaanza na namna braketi inavyofanya kazi. Kisha tutaona jinsi ya kuipima, bei yake halisi, na mwisho mambo ya kazi na haki.

1. BRAKETI INAVYOBEBA MZIGO

Braketi nzuri ina sehemu tatu. Sehemu inayolala ukutani tutaiita mgongo. Sehemu inayotoka mbele kushika ubao tutaiita mkono. Chuma cha mshazari kinachounganisha mkono na mgongo tutakiita tegemeo.

Watu wengi hudhani kwamba mzigo unasukuma braketi chini tu. Si hivyo. Mzigo unapokaa juu ya mkono, unataka kuung'oa mgongo ukutani. Upande wa juu wa mgongo unavutwa kutoka ukutani, na upande wa chini unasukumwa kuingia ukutani. Ndiyo maana rafu ikianguka, skrubu za juu ndizo zinazotoka kwanza.

Tufanye hesabu. Ubao una upana wa sentimita 30, na kila braketi inabeba kilo 40. Kama mzigo umeenea sawasawa, uzito wake unakaa katikati ya ubao, yaani sentimita 15 kutoka ukutani. Zidisha 40 kwa 15, unapata 600. Sasa pima urefu kutoka skrubu ya juu hadi mwisho wa chini wa mgongo. Kama ni sentimita 20, gawa 600 kwa 20, unapata 30. Maana yake skrubu ya juu inavutwa kwa nguvu kama ya kilo 30. Lakini kama mgongo ni mfupi, na urefu huo ni sentimita 10 tu, gawa 600 kwa 10, unapata 60. Mzigo ni ule ule na ubao ni ule ule, lakini skrubu inavutwa mara mbili.

Tena, ukiweka mzigo wote kwenye ukingo wa mbele, umbali unakuwa sentimita 30 badala ya 15, na nguvu ya kuvuta inaongezeka mara mbili nyingine. Kwa hiyo kumbukeni mambo mawili: mgongo uwe mrefu, na vitu vizito vikae karibu na ukuta.

Sasa tuangalie tegemeo. Funga vijiti vinne kuwa umbo la mraba, kisha sukuma kona moja. Mraba utalala. Funga vijiti vitatu kuwa pembetatu, usukume tena. Pembetatu haibadiliki mpaka kijiti kivunjike au kamba ikatike. Mafundi wa paa wanaijua siri hiyo, ndiyo maana kenchi za nyumba zina pembetatu. Braketi yenye tegemeo ni pembetatu. Braketi isiyo na tegemeo inategemea kona yake moja tu, na kona hiyo ikianza kufunguka, rafu imekwisha.

2. UNENE WA CHUMA

Chukua rula ya mwanafunzi. Ilaze kisha ibonyeze: inapinda kwa urahisi. Isimamishe kwa ukingo wake, uibonyeze tena: haipindi. Plastiki ni ile ile. Kilichobadilika ni kimo cha kitu upande ule nguvu inakotoka.

Chuma nacho kina tabia hiyo. Chuma bapa kikilazwa, unene ukiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kustahimili kupindwa inaongezeka mara 4, na ukakamavu wake unaongezeka mara 8. Unene ukiongezeka mara tatu, nguvu ni mara 9 na ukakamavu ni mara 27. Kwa hiyo braketi ya milimita 3 haiizidi ya milimita 1 mara tatu tu. Inaizidi mara nyingi zaidi. Mtu anayepunguza unene kidogo ili auze kwa bei ndogo anapunguza nguvu nyingi sana, na macho ya mnunuzi hayaoni.

Tuseme ukweli kwa pande zote. Bati jembamba likipigwa mfinyo wa mfereji katikati, linapata ugumu kuliko bati tambarare, kwa sababu ile ile ya rula kusimama. Kwa hiyo braketi ya bati lenye mfinyo inaweza kufaa kwa rafu ya redio, vikombe au vitabu vichache. Haifai kwa stoo ya sukari, mbolea, vipuri au madumu. Kwa mizigo hiyo tunataka chuma bapa kinene au chuma pembe, kile chenye umbo la L katika urefu wake wote.

Uzito ni shahidi mzuri. Chuma bapa chenye upana wa milimita 25 na unene wa milimita 3 kina uzito wa karibu gramu 590 kwa kila mita. Braketi yenye mgongo wa sentimita 30, mkono wa sentimita 25 na tegemeo la sentimita 30 inatumia chuma cha sentimita 85, yaani karibu nusu kilo. Braketi ya umbo hilo hilo kwa bati la milimita 1 itakuwa na gramu 170 hivi. Kila duka la unga lina mizani. Rangi inaweza kukudanganya, lakini mizani itakuambia kama chuma ni kingi au ni kidogo.

3. MAMBO YA KUANGALIA KABLA YA KULIPA

Kwanza, angalia unene kwenye ukingo, si kwenye uso. Rangi nzito huficha ukingo, basi tazama ndani ya tundu la skrubu.

Pili, angalia kama lipo tegemeo, na linashika wapi. Liushike mkono mbele, angalau theluthi mbili ya urefu wake kutoka ukutani. Tegemeo fupi lililobanwa kwenye kona ni pambo tu.

Tatu, angalia mahali palipochomelewa. Chuma kilichochomelewa vizuri kina mstari unaoendelea bila kukatika, nao umeingia katika vyuma vyote viwili. Kama kuna nukta mbili tatu tu, au kuna matundu kama sifongo, au ganda la uchafu wa kuchomelea bado limefunika, mwambie fundi aligonge ganda hilo mbele yako ili muone kilicho chini.

Nne, angalia matundu ya skrubu. Yawe angalau mawili mgongoni, na moja liwe juu kabisa karibu na mkono, kwa sababu huko juu ndiko kunakovutwa. Tundu lisiwe karibu mno na ukingo wa chuma.

Tano, angalia kona. Iweke juu ya sakafu tambarare au pembeni mwa mlango. Ikiwa mkono unaelekea chini hata kabla ya kubeba mzigo, iache. Braketi mbili zikiwekwa pamoja zilingane, la sivyo ubao utayumba.

Sita, angalia kinga ya kutu. Rangi ya kwanza iwe ile ya kuzuia kutu, halafu juu yake rangi ya kawaida. Katika stoo za mbolea jambo hili ni kubwa, kwani vumbi la mbolea likipata unyevu hula chuma upesi.

Kuhusu sumaku: wengine hudhani sumaku ikishika, basi chuma ni kizuri. Sumaku inashika bati jembamba kama inavyoshika reli. Inakuambia tu kwamba hicho ni chuma. Haikuambii kitabeba nini.

Kuhusu alama: Shirika la Viwango la Uganda, UNBS, liliundwa kwa sheria ya mwaka 1983 na kuanza kazi mwaka 1989. Alama yake ya ubora inatusaidia tunaponunua bidhaa za viwandani. Lakini braketi iliyotengenezwa na fundi wa kando ya barabara mara nyingi haina alama hiyo, kwa hiyo tawi lazima lijipimie lenyewe.

4. JARIBIO LA TAWI

Kabla ya kununua braketi 20, nunueni 2. Zifungeni kwenye ukuta ule ule mtakaoutumia, lakini chini, kiasi cha nusu mita kutoka sakafuni, ili zikianguka zisimwumize mtu. Wekeni ubao. Chorani ukutani kwa penseli mahali ubao ulipo. Halafu wekeni mzigo mara mbili ya ule mnaokusudia. Kama kila braketi itabeba kilo 40, zote mbili pamoja zipewe kilo 160. Mfuko wa saruji una kilo 50, basi mifuko mitatu na kilo kumi za mchanga zinatosha. Acheni usiku mmoja.

Asubuhi tazameni mambo matatu. Je, ubao umeshuka kutoka mstari wa penseli? Mkitoa mzigo, unarudi pale pale? Je, skrubu za juu zimeanza kutoka? Chuma kinachoshuka kidogo na kurudi kina afya. Chuma kinachobaki kimepinda kimeshindwa, hata kama hakijavunjika. Msikinyooshe kwa nyundo na kukitumia. Kirudisheni.

5. MAMBO YALIYOTOKEA KATIKA STOO MOJA

Katika shamba moja ambako wanachama wetu wanafanya kazi, madumu manne ya dawa ya magugu, kila moja la lita 20, yaliwekwa kwenye rafu iliyoshikwa na braketi mbili za bati. Mzigo ulikuwa zaidi ya kilo 80. Rafu ilianguka mchana. Dumu moja lilipasuka, dawa ikamwagika sakafuni na kwenye miguu ya msaidizi wa stoo. Bahati njema alikuwa amevaa buti, na maji yalikuwa karibu.

Uongozi ulisema kwamba msaidizi aliyatupa madumu kwa nguvu, na ukaandika kwamba gharama ya dawa itakatwa katika mshahara wake kwa miezi kadhaa.

Wawakilishi wetu hawakwenda kupiga kelele. Waliomba braketi zile zisitupwe. Waliziweka juu ya meza ya mkutano. Zote mbili zilikuwa zimefunguka mahali pamoja, kwenye kona, na hazikuwa na tegemeo. Walizipima kwa mizani ya stoo hiyo hiyo, na kila moja haikufika gramu 200. Mgongo wake, kutoka skrubu ya juu hadi chini, ulikuwa sentimita 10. Wakaandika ubaoni hesabu ile tuliyoifanya hapo juu: kila braketi kilo 40, skrubu ya juu inavutwa kwa kilo 60. Halafu wakauliza: nani alinunua braketi hizi, na nani aliamua kwamba zibebe madumu?

Makato yalifutwa. Rafu mpya ikafungwa, na madumu yakashushwa chini.

Ndugu, hapo ndipo tunaona kwa nini chama kinafundisha mambo ya chuma. Kitu kikivunjika kazini, wa kwanza kulaumiwa ni yule aliyekuwa karibu nacho. Kama hatujui kitu kile kilivunjika vipi, hatuna la kujibu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 haimruhusu mwajiri kukata mshahara apendavyo, na Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo inamtaka aweke mahali pa kazi pawe salama. Lakini sheria hutusaidia zaidi tukiwa na ushahidi mkononi, na katika kesi ile ushahidi ulikuwa gramu na sentimita.

6. BEI NDOGO NA GHARAMA KUBWA

Hatumlaumu mfanyakazi anayenunua kitu cha bei ndogo kwa ajili ya nyumba yake. Katika nchi yetu kima cha chini cha mshahara kiliwekwa mwaka 1984 kuwa shilingi 6,000 kwa mwezi. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha muswada wa kupanga kima kipya, lakini Rais hakuutia sahihi. Mtu mwenye mshahara mdogo hununua anachoweza, na vita vya bidhaa hafifu haviwezi kutengwa na vita vya mshahara.

Lakini tawi linaponunua kwa michango ya wanachama, lazima lipige hesabu ya miaka, si ya siku moja. Tuchukue mfano, bei ni za kuhesabia tu. Braketi hafifu ni shilingi 4,000, na imara ni shilingi 9,000. Tawi linahitaji 20. Hafifu zitagharimu 80,000, na imara 180,000. Katibu atasema tumeokoa 100,000. Sasa zile hafifu zikipinda baada ya mwaka mmoja, mtanunua tena, jumla 160,000. Zikipinda tena, jumla 240,000. Ongeza skrubu mpya, ukuta uliotobolewa mara tatu, nauli ya kwenda mjini, na sukari iliyomwagika. Braketi imara bado iko ukutani, inahitaji rangi tu.

Jambo jingine ni dhamana. Braketi ya fundi wa karibu ikifunguka, mnaibeba na kumrudishia, mnamwonyesha kosa, naye anachomelea upya. Ile iliyovuka bahari, mtamrudishia nani? Mwenye duka atasema na yeye aliuziwa hivyo hivyo.

7. CHUMA CHA HAPA NA KAZI ZA HAPA

Kufua chuma si jambo geni kwetu. Zamani wahunzi wa Bunyoro walifua majembe yaliyouzwa mbali. Katwe, hapa Kampala, ni jina linalojulikana kote kwa mafundi wa vyuma. Bwawa la Owen Falls lilipofunguliwa mwaka 1954, umeme wake uliifanya Jinja kuwa mji wa viwanda, na katika miaka ya 1960 chuma chakavu kiliyeyushwa huko kuwa chuma kipya. Ulipofika mwaka 1972, Idi Amin aliwafukuza Waasia kwa muda wa siku 90. Viwanda vingi vilibaki bila mameneja, bila mafundi wakuu na bila vipuri, na wafanyakazi waliobaki walijaribu kuviendesha kwa shida kubwa. Mashine zilipokufa, kazi zilikufa nazo. Baadaye, soko lilipofunguliwa katika miaka ya 1990, bidhaa za nje ziliingia kwa wingi kuliko nguvu ya viwanda vyetu kusimama.

Leo chuma kinatengenezwa tena Jinja na Namanve: nondo, chuma bapa, chuma pembe na mabomba ya pembe nne. Tuseme kweli tena: si kila kipande kimetoka ardhini kwetu. Kingine huyeyushwa kutokana na chuma chakavu, na kingine huingia nchini kikiwa bado hakijakamilika, ndipo kinamaliziwa hapa. Mawe ya chuma tunayo, kama yale ya Muko huko Kigezi, lakini kazi ya kuyageuza kuwa chuma kingi bado ni ndefu.

Hata hivyo angalieni mnyororo wa kazi ulio nyuma ya braketi moja ya hapa. Yuko anayeokota chuma chakavu, dereva, mtu wa tanuri, mtu wa mashine ya kuvuta chuma, mwuza vyuma, fundi wa kukata, fundi wa kuchomelea, kijana anayepaka rangi. Kila mmoja akipata mshahara, hununua sukari ambayo mwenzetu wa Kakira au Lugazi ameikata na kuisaga. Mwaka 2014 serikali ilitoa sera ya kuhimiza kununua vya Uganda ili kuijenga Uganda. Sisi tunasema sera hiyo ianze katika stoo za waajiri na katika ofisi za vyama vyetu wenyewe.

Wala hatusemi haya kwa chuki. Mfanyakazi wa nchi ya mbali anayesimama kwenye mashine ya kukunja bati ni mfanyakazi kama sisi, na hakupanga yeye bati liwe jembamba. Aliyepanga ni mnunuzi mkubwa anayetaka faida. Tena braketi nzuri kutoka nje zipo, nazo zinauzwa kwa bei ya kitu kizuri. Na fundi wa Kamukunji, Nairobi, ni jirani yetu katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo iliunda umoja wa forodha mwaka 2005. Kazi yake njema nayo tunaiheshimu.

8. WAJIBU WA FUNDI WETU

Ninyi wenzetu mnaofanya kazi katika karakana na viwanda vya vyuma, somo hili linawahusu mara mbili. Mtu akinunua cha nyumbani kwa moyo mwema, kisha kikamvunjikia, hatarudi tena, na atawaambia jirani zake. Fundi anayechomelea nukta mbili badala ya mstari mzima anaokoa dakika mbili na kupoteza soko la wenzake wote.

Mara nyingine kosa si la fundi. Mwenye karakana anataka braketi 100 kwa siku wakati 60 ndizo zinazowezekana kwa kazi safi. Anatoa chuma cha milimita 2 na kusema kiandikwe cha 3. Hapo fundi peke yake hawezi kukataa, lakini mafundi wakiwa pamoja katika chama wanaweza. Kudai muda wa kutosha, vifaa vizuri na miwani ya kuchomelea ni kudai haki ya mfanyakazi, na pia ni kudai ubora wa bidhaa. Mambo hayo mawili hayatengani.

9. KUFUNGA UKUTANI

Braketi imara kwenye ukuta mbovu haifai kitu. Katika ukuta wa matofali ya kuchoma, toboeni tofali lenyewe, si udongo wa kiungo. Ingizeni kile kidude cha plastiki kinachokaa tunduni, ndipo skrubu ifuate, nayo iwe ndefu. Msipigilie msumari, kwani mzigo huuvuta taratibu mpaka utoke. Katika ukuta wa mbao, skrubu ziingie kwenye nguzo, si kwenye ubao mwembamba. Katika ukuta wa fito na udongo msitundike rafu ya mzigo kabisa. Tengenezeni rafu ya miguu inayosimama chini.

Kwa mizigo ya stoo, braketi zisipishane zaidi ya sentimita 60, na kumbukeni kwamba za katikati hubeba zaidi kuliko za mwisho. Madumu ya dawa na vitu vya kuvunjika vikae rafu ya chini. Kila miezi mitatu mjumbe wa usalama apite na bisibisi: akaze skrubu, atazame kutu, na atazame kama ubao umeanza kuinama. Rafu huinama siku nyingi kabla ya kuanguka. Anayeitazama mapema huokoa mguu wa mwenzake.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA TAWI

1. Braketi inabeba kilo 30. Ubao una upana wa sentimita 40 na mzigo umeenea sawasawa. Kutoka skrubu ya juu hadi mwisho wa mgongo ni sentimita 15. Skrubu ya juu inavutwa kwa kilo ngapi? (Jibu: 40.)

2. Kwa nini braketi ya milimita 2 haitoshi kuitwa "nusu ya nguvu" ya ile ya milimita 4?

3. Mahali penu pa kazi, nani huamua vifaa vya stoo vinunuliwe wapi? Je, wafanyakazi wanaovitumia huulizwa?

4. Kama mwenzenu angekatwa mshahara kwa sababu ya rafu iliyoanguka, ni vitu gani vitatu mngevipima kabla ya kwenda kwenye mkutano?

5. Fundi gani wa karibu nanyi anaweza kutengeneza braketi 20 za mfano mmoja? Mwiteni katika kikao, mpeni vipimo kwa maandishi, na mwombeni alete mbili za kujaribu.

KAZI YA KUFANYA: Kabla ya toleo lijalo, kila tawi lihesabu rafu zote za mahali pa kazi, liandike zile zilizoinama, na kumpa mwajiri orodha hiyo kwa maandishi yenye tarehe. Nakala moja ibaki kwa katibu wa tawi.